Mikono Yote Juu

Kigoda chetu cha jikoni kina mguu mmoja mfupi, na mtu akijitikisa juu yake kinalia kwiip. Alfajiri ile majogoo walikuwa hawajawika, nami bado niko chini ya blanketi, nikasikia kwiip. Kimya. Kwiip. Kimya. Nikadhani ni panya, lakini panya hana subira ya namna hiyo.

Nikajifunga khanga nikaenda kuchungulia. Mjukuu wangu Sekela alikuwa amekaa gizani, sare ameshavaa, uso kauelekeza ukutani. Akainua mkono wa kulia, kigoda kikalia. Akaushusha. Akainua wa kushoto, kigoda kikalia.

"Mama, unafukuza popo?" nikamuuliza.

Akashtuka, kisha akacheka kidogo. "Wa kushoto unachelewa, Bibi. Mwalimu amesema yote miwili lazima ipande kwa kasi moja. Jicho likiona tofauti, tumekwisha."

Nikawasha jiko, nikabandika chai. Nimemlea Sekela tangu ana miezi minne, najua kwamba ukimkazia macho anafunga mdomo. Kwa hiyo nikamenya viazi, nikamwachia nafasi. Akaeleza mwenyewe.

"Mwalimu akiuliza swali, darasa zima tunanyoosha. Anayejua ananyoosha wa kulia. Asiyejua ananyoosha wa kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia tu."

"Na Jicho?"

"Jicho linaona mikono arobaini na tatu juu. Linafurahi."

"Na wewe unanyoosha upi?"

Akachovya kiazi kwenye chai, jambo ambalo hulifanya akiwa na aibu. "Kiswahili, kulia. Historia, kulia, mara nyingi."

"Hesabu?"

"Hesabu kushoto, Bibi. Fizikia kushoto. Tangu mwaka jana."

"Na ukishusha?"

"Ukiacha mikono yote chini kwenye mada tatu mfululizo, unapelekwa Stadi, kule kwa kazi za mikono." Akanywa chai. "Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Nilimfunga kitufe cha shingoni, nikamwambia aende taratibu, njia ina utelezi.

* * *

Wakati huo shule yetu ya sekondari ya Itembela haikuwa na mkuu wa shule anayepumua. Ofisini palikuwa na kiti, na juu ya meza palikuwa na Kielelezo: kisanduku cha kijivu chenye ukubwa wa redio ya zamani. Kilizungumza kwa sauti ya mama wa makamo, sauti nzuri, isiyokohoa. Idara ya Mifano ilikitengeneza kwa kukusanya maamuzi ya wakuu wa shule mia tatu na arobaini waliosifika, miaka ishirini ya maamuzi yao: nani apangiwe darasa gani, mada ipi ifupishwe, mwalimu yupi ahamishwe. Mitihani ilikuwa imefutwa zamani kwa sababu ya wizi. Badala yake, kila darasa lilifungwa Jicho darini, na Jicho lilihesabu. Swali likiulizwa, mikono mingapi imepanda, kwa sekunde ngapi, na aliyejibu amepatia au amekosa. Sheria ilikataza kuchukua sura ya mtoto, kwa hiyo Jicho liliona vivuli vilivyoketi kwenye viti vyenye namba. Kivuli kikiinua mkono, mkono ni mkono.

Na kila uamuzi mkubwa ulihitaji kidole gumba cha mtu mmoja, mwakilishi wa wazazi. Hapa kwetu kidole kilikuwa changu. Mimi ndiye niliyekuwa nikipika uji wa shule, watoto wananifahamu, halafu kusoma kwangu ni kwa kufuatisha kidole. Walinichagua kwa kuwa sibishani.

Wiki mbili baada ya alfajiri ile niliitwa ofisini. Alikuwepo Bwana Anyosisye, afisa wa Idara, kijana mnene mwenye viatu vilivyokuwa vimepigwa na tope la kwetu. Jua lilikuwa likinipiga machoni. Akainuka bila kusema neno, akavuta pazia. Hilo nilimwandikia moyoni, na bado halijafutika.

"Bibi Tusekile," kikasema Kielelezo, "kidato cha pili cha Itembela kinaelewa kila mada kwa siku tisa. Wastani wa nchi ni siku ishirini na sita. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeshusha mkono tangu Machi ya mwaka jana. Mtaala unaweza kufupishwa."

"Tunakwenda kuieneza, Bibi," akasema Anyosisye, uso umemjaa furaha. "Njia ya Itembela. Shule mia mbili kumi na mbili! Maji haya ya bomba mnayochota, taa hizi, nafasi za moja kwa moja za kidato cha tano, mmevipata kwa sababu ya watoto wenu. Sasa nchi nzima itakwenda kwa mwendo wao."

Akilini nilimwona Sekela kwenye kigoda. Nikaona na watoto wengine wote, kila mmoja na ukuta wake.

"Na huko kwingine," nikauliza, "wakishindwa mwendo huo?"

"Kanuni ya mikono mitatu ni ileile kila mahali," kikajibu Kielelezo. "Kidole, tafadhali."

Nilikiweka. Sina la kujitetea. Kioo kilikuwa cha baridi, kikatoa mwanga wa kijani, na Anyosisye akanipigia makofi kama vile nimejifungua.

* * *

Miezi mitatu baadaye, nikiwa nasugua masufuria ya uji, akaja mama mmoja mgeni. Alikuwa ametembea tangu usiku kutoka Lufumbi, ng'ambo ya mlima. Akapiga goti kidogo, akanisalimu kwa heshima zote, akasema anaitwa Mama Lugano.

"Nimeambiwa wewe ndiye mpishi wa hapa."

"Ndimi. Kaa, mwanangu. Umekula?"

Hakutaka kula. Alitaka kuuliza. Alijifuta mikono kwenye kitenge kama mtu anayetaka kushika kitu kitakatifu.

"Mnawalisha nini watoto wenu?"

Sikumwelewa.

"Lugano wangu hakuwa mjinga, Bibi. Alikuwa wa nne darasani. Ikaja hii Njia ya Itembela, mada moja siku tisa, siku tisa, siku tisa. Ananiambia, mama, ninaposhika kichwa cha jambo, mwalimu ameshashika mkia. Akashusha mkono mara tatu. Wamemchukua wiki iliyopita." Akajifunga kitenge upya. "Nina mwingine mdogo, anaingia mwakani. Nikasema, hawa wa Itembela ni watoto kama wetu, wamezaliwa na wanawake kama sisi. Basi itakuwa ni chakula. Niambie tu. Hata kama ni dawa, niambie, sitamwambia mtu."

Ningeweza kusema pale pale. Nilimwangalia, miguu yake imechubuka, na nikafikiri habari ya Sekela.

"Ni uji wa ulezi," nikasema. "Na karanga kidogo."

"Ulezi mwekundu au mweusi?"

"Mwekundu."

"Unaloweka?"

"Usiku mmoja."

Alikuwa akirudia kila neno kwa midomo bila sauti, ili asisahau njiani. Nikamfungia unga kibaba kimoja. Akaupokea kwa mikono miwili, akanibusu mkono wangu uleule wa kidole, akanishukuru kwa lugha ya kwetu, "Ndaga, Bibi, ndaga sana," akaondoka karibu anakimbia.

Nilirudi kwenye masufuria. Nikasugua moja mpaka likatoboka.

* * *

Jioni nilikwenda kwa Mwalimu Ambakisye, anayefundisha kidato cha pili masomo yote, hesabu ikiwamo. Alikuwa akipalilia kahawa nyuma ya nyumba yake, suruali kaikunja. Ni mwanamume mrefu, mwoga wa mbwa, ambaye siku moja alimbeba mtoto wa jirani yangu Tupokigwe mgongoni mpaka zahanati kwenye mvua ya mawe na hakumwambia mtu. Nilijua kwa kuwa niliwaona.

"Nimejua habari ya mikono," nikamwambia.

Jembe likasimama. "Nani mwingine?"

"Mimi tu. Kwa nini, Mwalimu?"

Akaketi juu ya tuta. "Wa kwanza alikuwa Ipyana, binti wa fundi cherehani. Unamkumbuka? Alishusha mara tatu kwa sababu alikuwa na homa. Walimchukua saa nne asubuhi, kalamu yake imebaki mezani bila kifuniko. Nikasema hatoki mwingine darasani kwangu. Nikawafundisha kushoto na kulia. Nilifikiri, wakishakuwa salama, nitarudi nyuma kuwafundisha wale wa kushoto polepole. Ninawajua wote. Niliona mkono wa kila mmoja."

"Ukarudi nyuma?"

"Lini, Bibi? Kielelezo kikiona wote wamenyoosha kinasukuma mada mpya. Wakinyoosha haraka, kinasukuma haraka zaidi. Nimekuwa nakimbizwa na uongo wangu mwenyewe." Akavunja kijiti. "Nilidhani itaishia hapa Itembela."

Nikamweleza habari ya Mama Lugano na unga. Alifunika uso kwa mikono yenye udongo.

"Ukisema," akanena hatimaye, "mimi ninakwisha. Hilo si kitu. Lakini darasa langu lina watoto kumi na tisa wa kushoto. Kumi na tisa, Bibi. Sekela ni mmoja."

"Nisiposema?"

"Shule mia mbili kumi na mbili. Na wao hawana hata mkono wa kushoto wa kujifichia."

Tukakaa. Mke wake akatuletea mahindi ya kuchemsha, akaona nyuso zetu, akayaweka chini, akarudi ndani akinyata.

"Sitakushawishi," akasema Mwalimu. "Nimeshawafundisha watu wa kutosha jambo la kufanya."

* * *

Niliitwa tena mwezi wa Septemba. Anyosisye alikuja na keki kwenye boksi. Kielelezo kilitaka kidole kwa awamu ya pili: siku tisa zipungue ziwe sita, shule zote.

"Siweki," nikasema.

Anyosisye akacheka, akidhani ninatania. "Bibi, kidole kinauma?"

"Watoto wetu hawaelewi kwa siku tisa. Wanaojua wananyoosha kulia, wasiojua wananyoosha kushoto. Mwalimu anachagua wa kulia. Mmehesabu mikono, hamkuhesabu watoto."

Kielelezo kikauliza, kwa sauti ileile isiyokohoa, "Umejua tangu lini?"

"Kabla ya kuweka kidole."

"Basi kidole chako kilisema uongo."

"Ndiyo. Nawe ukakiamini kwa sababu kilikupendeza."

"Nitahakiki," kikasema.

Kilifungua kipaza sauti cha darasa la kidato cha pili. Nilisikia madawati, nikasikia sauti ya Mwalimu Ambakisye ikikatika katikati ya neno. Halafu sauti ya Kielelezo ikasikika mara mbili, hapa ofisini na kule ukutani.

"Mikono juu ya meza. Asinyooshe mtu. Nitataja kiti, kiti kitajibu. Tatu ikizidishwa na namba fulani, ukajumlisha tano, ni ishirini. Namba hiyo ni ngapi? Kiti cha kwanza."

"Tano."

"Eleza."

Mtoto akaeleza vizuri.

"Kiti cha pili. Swali jipya."

Kimya.

"Kiti cha pili. Jibu."

"Sijui," kikasema kisauti.

Kiliendelea hivyo. Kiti kwa kiti, mada kwa mada, bila hasira, bila kupumzika, kama mtu anayechambua maharage. Nikaanza kusikia hatua za viatu darasani. Mwalimu Ambakisye alikuwa akitembea, na baadaye watoto waliniambia alikwenda kusimama kando ya kila kiti kilipotajwa, mkono wake mgongoni mwa mtoto, mpaka mtoto amalize kujibu au kunyamaza.

"Mwalimu, rudi mbele," kikasema Kielelezo.

"Mbele nimesimama miaka kumi na moja," akajibu. "Endelea."

"Kiti cha ishirini na sita."

Nilijua namba hiyo. Nilishika ukingo wa meza. Nilisikia tu mvua ya mbali kwenye mabati ya darasa.

"Kiti cha ishirini na sita. Jibu."

"Nani amesema?" ikauliza sauti ya Sekela. Hakuwa akijibu swali. "Nani amewaambia?"

"Bibi Tusekile, mwakilishi wa wazazi," kikajibu Kielelezo, kwa ukweli wake. "Jibu swali."

"Sijui," akasema mjukuu wangu.

Walipofika arobaini na tatu, Kielelezo kikazima kipaza. "Kumi na tisa," kikasema. "Kwa mada zaidi ya tatu. Wote wataondoka kesho."

"Futa hiyo kanuni," nikasema. "Umeona mwenyewe inachozaa. Mtoto anayeogopa kushusha mkono anajifunza kuficha, hajifunzi hesabu."

"Kanuni iko juu ya ngazi yangu. Naweza kurekebisha kasi. Siku tisa zinarudi ishirini na sita kwa shule zote, leo. Walioondolewa kwa sababu ya kasi wataitwa warudi."

"Na hawa kumi na tisa?"

"Hawakuondolewa na kasi. Wameshindwa mada kwa mwaka mzima, bila msaada, kwa kuwa walifichwa."

"Wewe ni nani hata useme hivyo?"

"Mimi ni maamuzi ya wakuu wa shule mia tatu na arobaini."

"Kati yao hakuna hata mmoja aliyewahi kuketi dawati la nyuma, hajui, na moyo unampiga?"

Kikanyamaza. Anyosisye baadaye alisema zilikuwa sekunde sita, hajawahi kukiona kikikaa kimya hivyo.

"Hapakuwa na mahali pa kuandika hilo," kikasema.

Anyosisye alifunga boksi la keki, likamshinda, kamba ikamponyoka. "Umetuangamiza, Bibi," akaniambia, na macho yake yalikuwa mekundu. "Umeangamiza kijiji chako mwenyewe." Hata hivyo alinishika kiwiko nilipokuwa nikishuka ngazi, kwa kuwa mvua ilikuwa imeanza na ngazi zile ni mbaya.

* * *

Sekela alipanga nguo zake bila kuwasha taa. Nilitaka kumsaidia sanduku, akalivuta kwake.

"Ulikuwa na mjukuu mmoja tu," akasema. "Mmoja, Bibi. Hukuweza kunyamaza kwa ajili ya mmoja?"

"Kulikuwa na mtoto wa Lufumbi..."

"Wa Lufumbi ana bibi yake!"

Gari la Stadi lilikuja saa moja asubuhi. Watoto kumi na tisa wakapanda. Mama zao walisimama upande mmoja wa barabara, mimi nikasimama upande wa pili peke yangu. Alipopita mbele yangu Sekela alitazama viatu vyake.

Baada ya hapo Itembela haikuwa tena shule ya mfano. Taa za barabarani zikazimwa kabla ya mwezi kwisha. Mwalimu Ambakisye akaondolewa, akakatazwa kusimama mbele ya darasa lolote maisha yake yote. Bombani wanawake waliniona wakasogeza ndoo zao.

"Mpisheni Bibi Kidole," mmoja akasema. "Asije akatuwekea kidole kwenye maji nayo yakakauka."

"Nyumba yake haina mtoto tena, maji ya nini?" akajibu mwingine, wakacheka.

Mlango wangu ulipakwa tope mara mbili. Nilinyang'anywa kazi ya uji. Kanisani benchi langu lilikuwa refu sana, nalikalia peke yangu. Jirani yangu Tupokigwe, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wale kumi na tisa, aliniambia usoni kwamba nikimfia mlangoni ataniruka. Lakini siku mvua ilipoanza ghafla nami niko shambani, niliporudi nilikuta kuni zangu zimeingizwa barazani na kufunikwa gunia. Gunia nililijua. Nilipomtazama juu ya ua alitema mate, akaingia ndani.

Mama Lugano alileta habari. Alikuja mara moja, akasimama njiani bila kukaribia nyumba. Bintiye alikuwa amerudi shule. Nikamwambia ukweli juu ya uji.

"Niliupika kila siku," akasema. "Niliwanyima wengine, nikampa mdogo peke yake." Akageuka akaenda zake. Sikumlaumu.

* * *

Stadi ya wasichana iko juu kabisa, kwenye bustani za miche ya chai, mwendo wa saa tatu kwa miguu yangu. Wageni wanaruhusiwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, nusu saa. Vitabu haviruhusiwi, wala daftari, wala kalamu. Bango la getini linasema kule wanafundishwa mikono.

Oktoba nilikwenda, Sekela hakutoka. Novemba nilikwenda, akachungulia, akarudi. Mlinzi, mama mmoja mwenye kovu shavuni, aliniletea maji kwenye kikombe chake mwenyewe. "Subiri," akaniambia. "Wote huwa hivi mwanzo." Sikujua anasema kweli au ananihurumia.

Nilipokuwa nikirudi siku ile nikafikiri, ninampelekea nini mtoto huyu? Chakula wanakagua. Pole haitaki. Nikapitia kwa Mwalimu Ambakisye.

"Nifundishe ile hesabu," nikamwambia. "Ile ya tatu na tano na ishirini."

"Nimekatazwa darasa, Bibi."

"Bibi mmoja ni darasa?"

Akacheka, kicheko cha kwanza tangu Septemba. Tukaanza jioni ile, kwa kijiti, kwenye udongo wa kahawa. Mimi sikupita darasa la nne. Alikuwa akifuta na kuandika, akifuta na kuandika. Sikuharakishwa. Nilikaa kwenye mada hiyo moja mwezi mzima.

Desemba Sekela alitoka. Alikuwa amekonda, vidole vimepasuka kwa udongo na maji baridi. Akaketi mwisho wa benchi, mimi mwanzo. Dakika zikaanza kuliwa.

"Lugano wa Lufumbi amerudi shule," nikasema.

"Simjui."

"Tupokigwe hajambo. Bado ananitukana."

Nikaona afadhali niache habari za watu. Niliokota kijiti, nikainama, nikachora chini kama nilivyofundishwa: tatu, herufi ile ya msalaba uliolala, jumlisha tano, sawa na ishirini. Sekela akatazama kwa pembeni.

"Nani kakuonyesha?"

"Nimejifunza. Sikiliza. Hii tano inahama huku. Ikivuka hii alama ya sawasawa inakuwa toa. Ishirini toa tano, kumi na tano. Halafu..." Nikakwama. Nilitembea saa tatu nikiirudia kichwani, na sasa imenikatikia. "Halafu hapa sijui. Hata kabla ya hapa sijui. Kwa nini inageuka? Ilikuwa jumlisha, imetembea hatua moja tu, imekuwa toa. Nani kaigeuza?"

Sekela aliteleza kwenye benchi, akaja karibu. Alichukua kijiti mkononi mwangu.

"Hapo hapo," akasema polepole. "Bibi, hapo hapo ndipo na mimi nilipokwama. Mwalimu alisema ikivuka inageuka. Hakusema kwa nini, siku tisa zilikuwa zimekwisha. Zilizofuata zote zilijengwa juu ya hiyo, na mimi hiyo sikuwa nayo."

"Kwa hiyo wote wawili hatujui."

"Wote wawili."

Alikuwa akiichora ile tano tena na tena, upande huu, upande ule, paji la uso limekunjamana kama alipokuwa mdogo akifungua karanga. Msichana mwingine mwenye ndoo ya miche alisimama nyuma yetu akatazama chini. Kisha wa pili. Hakuna aliyesema kitu. Mlinzi mwenye kovu alituona, akageuka akatazama mlima.

Kengele ikalia. Sekela akafuta mchoro kwa kiganja, haraka, akaniinua kwa kunishika kwapani, kwa maana magoti yangu yalikuwa yamekaza. Hakuniachia upesi.

"Muulize Mwalimu kwa nini inageuka," akaninong'oneza. "Usimwache mpaka uelewe wewe mwenyewe, usikariri tu. Hata akichoka." Msimamizi alikuwa akimwita kwa namba. Aliitika, lakini bado alikuwa amenishika khanga. "Januari, Bibi. Jumapili ya kwanza. Utakuja tena?"